Husuda Mchana Kweupe: Mhadhara Kuhusu Filamu ya Plein Soleil

Nimeombwa nizungumzie filamu moja, nami nimeichagua *Plein Soleil*, iliyoongozwa na Mfaransa René Clément na kuanza kuonyeshwa Ufaransa mwezi Machi 1960. Kichwa chake ni jua la utosini, jua lisilomwachia mtu pa kujibanza. Ni hadithi ya kijana fukara anayemuua tajiri aliyekuwa akila naye meza moja, kisha akajitwalia jina lake, nguo zake, saini yake na fedha zake, na mwishowe akamfuata hata mchumba wake.

Wengi huitazama filamu hii kama hadithi ya werevu: je, atakamatwa au atapona? Na kweli, taharuki yake inashika roho. Ila mimi nimekuja kuitetea kwa sababu nyingine. Naamini ni miongoni mwa filamu chache zilizothubutu kuitazama husuda machoni bila kuifanyia mzaha na bila kuihubiria. Hoja yangu ni hii. Hasidi haumwi na mali ya mwenzake tu. Kinachomkata maini ni namna mwenzake anavyotazamwa: anavyopokelewa mlangoni, anavyoitikiwa akiita, anavyopendwa hata akikosa. Hasidi anataka naye atazamwe hivyo. Msiba wa Tom Ripley, mhusika wetu, ni kwamba aliua ili aonekane, na mauaji hayohayo yakamlazimisha aishi akijificha.

Filamu na watu wake

Chimbuko la filamu ni riwaya ya Patricia Highsmith, mwandishi Mmarekani aliyezaliwa Texas mwaka 1921. Riwaya hiyo, *The Talented Mr. Ripley*, ilitoka mwaka 1955, na miaka miwili baadaye ikatunukiwa huko Ufaransa katika tuzo kubwa ya fasihi ya upelelezi. Clément aliiandika upya kwa ajili ya filamu akishirikiana na Paul Gégauff. Tajiri wa riwaya, Dickie Greenleaf, akawa Philippe Greenleaf. Italia ikabaki kuwa Italia: Roma, Naples, visiwa vya Ischia na Procida, na kijiji cha kubuni kiitwacho Mongibello.

Inafaa tujue Clément alikuwa wapi kisanaa alipoishika kazi hii. Alikwisha kupata heshima kubwa kwa *La Bataille du rail* ya mwaka 1946, iliyohusu wafanyakazi wa reli waliopambana na Wajerumani, na kwa *Jeux interdits* ya mwaka 1952, iliyopata Simba wa Dhahabu katika tamasha la Venice. Lakini kizazi kipya cha vijana wa jarida la *Cahiers du cinéma* kilikuwa kimewachoka wakubwa. Mwaka 1954 François Truffaut aliandika makala kali kuhusu sinema ya Ufaransa ya wakati ule, akiishutumu kwa kutegemea maandishi ya kupendeza na kuisahau picha. Miongoni mwa aliowashambulia walikuwamo waandishi walioshirikiana na Clément katika *Jeux interdits*.

Clément hakujibu kwa makala. Alimchukua Henri Decaë, mpigapicha aliyekuwa ametoka kupiga *Les Quatre cents coups* ya Truffaut mwenyewe, na Gégauff aliyekuwa akiwaandikia vijana hao. Akawatoa nje ya studio, akawapeleka baharini. Muziki akampa Nino Rota, Mtaliano ambaye mwaka huohuo muziki wake ulisikika katika *La Dolce Vita* ya Federico Fellini. Na *Plein Soleil* ilipoanza kuonyeshwa Machi 1960, ndio mwezi ilipotoka pia *À bout de souffle* ya Jean-Luc Godard. Watu husema mwezi ule ulikuwa wa vijana. Mimi husema mwongozaji wa miaka karibu arobaini na saba alithibitisha mwezi huohuo kwamba jicho la mtu halizeeki akikubali kujifunza.

Tom Ripley aliigizwa na Alain Delon. Mwanzoni Clément alitaka Delon aigize Philippe, yule tajiri. Delon, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu tu na hana jina kubwa, alikataa. Alisimulia baadaye jinsi alivyosimama nyumbani kwa Clément akishikilia kwamba yeye ni Ripley na si mwingine, mpaka Bella, mke wa Clément, akaingilia na kusema kijana yuko sahihi. Tukiyatazama maisha yake tunaelewa. Wazazi wake waliachana akiwa mtoto wa miaka minne, akalelewa katika nyumba ya watu wengine, akafundishwa kazi ya bucha, akajiunga na jeshi la majini akiwa na miaka kumi na saba na kupelekwa Indochina, akarudi Paris kubeba mizigo. Alijua maana ya kusimama nje ya mlango wa nyumba ya raha. Philippe akapewa Maurice Ronet, mtoto wa waigizaji, mwenye ulegevu wa mtu ambaye hajawahi kuhesabu nauli. Marge, mchumba wa Philippe, ni Marie Laforêt, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza.

Mezani, kihorini, kiooni

Philippe anaishi Italia kwa fedha za baba yake aliyeko San Francisco. Baba amemtuma Tom amrudishe mwanawe nyumbani, na amemwahidi dola 5,000 akifaulu. Philippe hana nia ya kurudi. Basi Tom anabaki palepale, nusu rafiki, nusu mtumishi. Anabeba mizigo, anaandika barua, anapika, anasubiri. Hali hii ya kuwa ndani bila kuwa mwenyeji ndiyo Clément anayoichimba kwa uvumilivu katika theluthi ya kwanza ya filamu, na naomba tukae hapo kidogo, maana ndipo hadithi yote inapopandwa.

Wako mezani ndani ya mashua ya matanga, wanakula samaki. Tom anajitahidi kula kistaarabu. Philippe anamtazama, kisha anamwambia kwa utulivu kwamba samaki hakatwi kwa kisu, na kwamba hata namna anavyokishika kisu chenyewe si sahihi. Hakuna tusi. Hakuna sauti iliyopanda. Lakini mbele ya mwanamke ambaye Tom anamtamani, ameonyeshwa kwamba mkono wake unamsaliti, kwamba hata akivaa vipi, mezani atajulikana. Tajiri huyu angemnyima Tom chakula, Tom angeweza kumchukia na kuondoka. Amempa chakula na kumnyima heshima ya kukila. Hayo ni maumivu ya aina nyingine, na yanamfunga mtu pale pale anapoumia.

Baadaye Philippe na Marge wanataka kuwa peke yao. Tom anatiwa katika kihori kinachokokotwa nyuma ya mashua. Kamba inakatika. Wanapogundua na kugeuza mashua kumtafuta, Tom ameungua mgongo mzima kwa jua. Philippe anajuta kidogo kisha anaendelea na mambo yake. Mtazamaji makini ataona kwamba Philippe hakukusudia kumuua. Alimsahau tu. Na mtu aliyesahauliwa baharini anajifunza somo ambalo hakuna maneno yatakayolifuta: kwamba uhai wake, kwa wenzake, ni jambo la pembeni.

Miongoni mwa matukio haya kuna lile la kioo, ambalo kwangu ndilo moyo wa filamu. Tom yuko peke yake chumbani kwa Philippe. Anafungua kabati, anavaa viatu vya Philippe, anavaa koti lake, anazichana nywele zake kama za Philippe. Kisha anasimama mbele ya kioo, anaanza kuzungumza kwa sauti ya Philippe, akimwambia Marge maneno ya mapenzi, na anakibusu kioo. Philippe anaingia na kumkuta.

Wachambuzi wengi wameliona tukio hili kama dalili ya mapenzi yaliyofichika kati ya wanaume wawili, na sikatai kwamba upo mvutano wa namna hiyo. Lakini tazameni alichofanya Tom kwa makini. Katika mchezo ule Marge, ambaye hayupo, anaambiwa kwamba anapendwa na Philippe, na Philippe huyo ni Tom. Anachokitunga ni mahali pa kusimama: pale ambapo mwanamke anakutazama kwa imani na wewe unastahili kutazamwa. Nguo ni njia tu ya kufika hapo. Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tumezoea kuutumia msemo huu kumwonya mwenye mali dhidi ya jirani yake. Filamu hii inaufanya umwonye hata yule aliyevaa nguo za mwenzake, maana humo humo ndani ya koti la Philippe ndimo Tom anapoanza kuliwa.

Mchezo wa karata

Tom anapanda fitina. Anatia hereni ya mwanamke mwingine katika koti la Philippe ili Marge aikute. Wapenzi wanagombana. Philippe kwa hasira anautupa baharini muswada wa Marge, kazi aliyokuwa akiiandika kuhusu mchoraji Fra Angelico. Marge anashuka pwani, na wanaume wanabaki wawili.

Kinachofuata ni mojawapo ya mazungumzo ya kutisha zaidi niyajuayo katika sinema, na yanatisha kwa sababu yanafanyika kama maongezi ya baada ya chakula. Philippe amekwisha kukuta taarifa zake za benki katika vitu vya Tom. Anamuuliza moja kwa moja: basi unataka kuniua uwe tajiri? Tom anakubali. Anaeleza hatua kwa hatua atakavyofanya: atazika maiti wapi, ataigiza saini vipi, ataandikaje barua. Philippe anavutiwa. Anauliza maswali kama mtu anayesikiliza mpango wa biashara. Wanacheza karata, na katikati ya mchezo Tom anamchoma kisu cha kifua.

Kwa nini Philippe hakukimbia wala kujihami? Kwa sababu hakuamini. Na hakuamini kwa sababu hajawahi kumwona Tom kuwa mtu kamili, mtu mwenye nia inayoweza kufika hadi tendo. Dharau ilimtia upofu. Hata alipoambiwa ukweli mtupu, mchana, ana kwa ana, aliusikia kama burudani. Sisemi hivi kumhamishia marehemu lawama ya muuaji. Tom ni muuaji, na filamu haimtafutii udhuru. Nasema kwamba Clément ameonyesha jambo linalotuhusu sote: anayemdharau mwenzake hupoteza uwezo wa kumjua, na asiyemjua anayekaa naye hana kinga.

Mara baada ya kisu, upepo unaivamia mashua. Tom anahangaika kuifunga maiti katika turubai, anaizungushia kamba, anaifunga nanga, huku tanga likipiga huku na huku na yeye akinusurika kutupwa majini. Kinachotawala masikio hapo ni bahari, mbao na kamba. Clément anatulazimisha kuona kwamba kuua ni kazi nzito ya mikono, yenye jasho, na kwamba kila fundo linafungwa na mtu. Mafundo hayo tuyakumbuke.

Jina lililoko kwenye karatasi

Sasa Tom anahamia katika maisha ya Philippe, na Clément anatuonyesha ufundi wake bila haraka. Anaikuza saini ya Philippe kwa mashine ya kuonyeshea picha hadi ienee ukutani, kisha anafuata mistari yake kwa mkono, tena na tena, mpaka misuli ikariri. Anatoa picha ya Philippe katika pasipoti na kubandika yake, akaughushi muhuri. Anaandika barua kwa taipureta, kwa maana taipureta haina mwandiko. Anachukua fedha benki. Karani anaitazama saini, anaitazama picha, anatoa noti. Philippe Greenleaf yu hai.

Hapa nataka turudi nyuma miaka 400 kamili kabla ya filamu hii, hadi kesi ya mwaka 1560, Ufaransa hiyohiyo. Katika kijiji cha Artigat, chini ya milima ya Pyrenees, mkulima aitwaye Martin Guerre alikuwa ametoweka na kumwacha mkewe, Bertrande de Rols. Baada ya miaka kama minane, mwaka 1556, akaja mtu aliyejiita Martin. Mke akampokea, dada zake wakamkubali, wakaishi na kuzaa. Ugomvi wa mali ulipozuka, baba yake mdogo alimshitaki kuwa ni laghai. Mashahidi wapatao 150 waliitwa katika kesi ya kwanza, nao wakagawanyika: hawa wanaapa ndiye, hawa wanaapa siye, wengine hawathubutu kusema. Mbele ya mahakama ya Toulouse yule mtu alijitetea vizuri kiasi kwamba mahakimu walikuwa karibu kumwachia. Ndipo Martin halisi alipoingia, akitembea kwa mguu wa mti. Laghai, ambaye jina lake lilikuwa Arnaud du Tilh, alinyongwa mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi kama baba. Jean de Coras, mmoja wa mahakimu, akaandika kitabu juu ya kesi hiyo, na mwaka 1982 Daniel Vigne akaifanya filamu, Gérard Depardieu akiigiza yule laghai.

Tuwaweke wezi hawa wawili bega kwa bega. Arnaud aliishi katika dunia ambamo jina la mtu lilitunzwa na majirani. Ili awe Martin ilimpasa akariri kijiji kizima: nani aliolewa na nani, walichekea nini harusini, shamba lipi liligombewa. Hakuweza kuiba jina bila kujifunza kuwapenda, au walau kuwajali, wale waliolitunza. Tom anaishi katika dunia ambamo jina linatunzwa na ofisi. Anahitaji saini, muhuri na picha. Kazi yake ni nyepesi zaidi kuliko ya Arnaud, na upweke wake ni mkubwa zaidi. Arnaud alikuwa salama miongoni mwa watu waliomfahamu Martin, maadamu walimkubali. Tom yuko salama miongoni mwa wasiomjua Philippe peke yao. Anaweza kumdanganya karani, mpokea wageni wa hoteli na mwenye nyumba. Hawezi kumkabili rafiki hata mmoja.

Na sisi wa leo tunaishi katika dunia ya Tom kuliko ya Arnaud. Jina letu limo katika namba, kadi na neno la siri, na anayevipata anaweza kuwa sisi mbele ya mashine. Filamu ya mwaka 1960 ilikwisha kuona upande wa pili wa jambo hili: karatasi inaweza kuthibitisha kwamba wewe ni nani, lakini haiwezi kukufahamu.

Mwizi anakuwa mfungwa

Sasa tunafika kwenye kiini cha hoja. Tom alitaka kutazamwa kama Philippe. Amepata nini?

Amepata vyumba. Baada ya mauaji filamu inajaa milango, ngazi, vyumba vya hoteli na nyumba ya kupanga huko Roma. Kila mlango unapogongwa, moyo wake unaruka. Kwa Marge ni lazima awe Tom, anayeleta salamu za Philippe ambaye daima yuko safarini. Kwa benki ni lazima awe Philippe. Wale anaotaka wamwone kama Philippe ndio hasa wasioweza kuonyeshwa. Marge, ambaye mbele ya kioo aliambiwa maneno matamu, sasa anapata barua zilizopigwa chapa. Ile nafasi ya kutazamwa kwa upendo, ambayo kwayo damu ilimwagika, ndiyo nafasi pekee ambayo Tom hawezi kuingia akiwa amevaa jina aliloliiba.

Kisha anakuja Freddy Miles, rafiki wa Philippe, anayeigizwa na Billy Kearns. Freddy ni mnene, ana kelele, ana dharau za kitajiri, na hakumpenda Tom tangu awali. Lakini ana kitu ambacho polisi na benki hawana: anamjua Philippe. Anaitazama nyumba ile, anamtazama Tom, anaanza kuunganisha mambo. Tom anampiga kwa sanamu nzito na kumuua, kisha anamteremsha ngazi usiku akimkokota kana kwamba ni mlevi. Angalieni mantiki ya uhalifu wake: kila anayemfahamu Philippe ni hatari, na kwa hiyo kuwa Philippe ni kuzidi kuwaondoa wanaomfahamu Philippe. Jina analolitaka linakufa mikononi mwake.

Na linakufa kweli. Polisi wanachunguza kifo cha Freddy, na wanayemshuku ni Philippe. Tom amemfanya marehemu kuwa mtuhumiwa wa mauaji. Jina lililokuwa likifungua milango sasa linaifunga. Basi Tom analiua mara ya pili: anaandika waraka wa kujiua kwa jina la Philippe, unaomwachia Marge mali, halafu anarudi Mongibello akiwa Tom Ripley, maskini yuleyule, mwenye jina lake la kuzaliwa.

Hapo ndipo Clément anapotupa pigo ambalo wengi hawalioni. Marge, aliyevunjika moyo, anaanza kumtegemea Tom. Anampenda. Anampenda kwa jina lake mwenyewe, kwa uso wake mwenyewe, bila koti la Philippe. Sidai kwamba angempata bila uhalifu. Huenda asingempata kamwe. Nasema tu kwamba lile jicho la upendo alilolitafuta kwa jina la mtu mwingine, mwishowe lilikuja kumkuta akiwa yeye. Na likamkuta hawezi tena kulipokea kwa mikono safi. Huo ndio ukatili wa husuda kwa mwenye kuhusudu: inamwaminisha kwamba kwa jina lake hawezi kupendwa, na kabla hajajaribu imemfanya asipendeke.

Jua

Neno juu ya mwanga, maana filamu hubishana kwa picha kabla ya kubishana kwa maneno. Sinema ya uhalifu ya miaka ya 1940 na 1950, ya Marekani na ya Ufaransa, ilipenda usiku, vichochoro vyenye mvua na vivuli vya mapazia. Ilitufundisha kwamba uovu una makao, nayo ni giza. Clément na Decaë wanaihamishia maiti mchana. Bahari ni ya samawati, tanga ni jeupe, ngozi zinang'aa, matunda na samaki sokoni vinapendeza. Kuna kipande kirefu ambapo Tom anatembea polepole katika soko la samaki, akitazama vichwa na macho ya samaki waliopangwa mezani, nasi tunamtazama yeye akitazama. Hakuna kinachosemwa. Hatujui kama anajuta au anapunga hewa tu. Jua linaangaza kila kitu isipokuwa ndani ya kijana yule.

Uamuzi huu una uzito wa kimaadili. Husuda ni dhambi inayokaa mezani kwetu, inayocheka nasi, inayotusaidia kubeba mizigo. Haihitaji giza. Na uzuri wa uso wa Delon unafanya kazi hiyohiyo: tunamtazama muuaji tukivutiwa, tunamtakia afaulu, tunashusha pumzi mlango unapofungwa bila kugunduliwa. Clément ametufanya tuhisi jinsi ilivyo rahisi kusimama upande wa mtu kwa sababu anapendeza, jambo ambalo Tom alilifahamu tangu zamani na ndilo lililokuwa likimuuma.

Mwisho uliobishaniwa

Katika riwaya ya Highsmith, Ripley anaponyoka na kubaki na mali, na mwandishi akamwendeleza katika riwaya nyingine nne. Katika filamu mambo ni tofauti. Mashua, ambayo jina lake ni *Marge*, inauzwa, na inavutwa kutoka majini ili ikaguliwe. Nyuma yake, kamba iliyonasa kwenye rafadha inaibuka na turubai, na ndani ya turubai ni Philippe. Wakati huohuo Tom amejinyoosha kwenye kiti ufukweni, ameagiza kinywaji bora kuliko vyote, amefumba macho juani. Mhudumu anamwita, Signor Ripley, anaitwa kwenye simu. Anainuka akitabasamu. Filamu inaishia hapo, bila pingu.

Highsmith alimsifu Delon, lakini mwisho huu aliuona kuwa ni kuinamia maadili ya hadhara. Hoja yake ina nguvu, na filamu ya Anthony Minghella ya mwaka 1999, yenye Matt Damon, pamoja na mfululizo wa televisheni wa Steven Zaillian wa mwaka 2024, wenye Andrew Scott, zote zimemwacha Ripley bila kukamatwa. Mimi nasimama na Clément, na sababu yangu si kwamba mhalifu lazima aadhibiwe kwenye skrini.

Kwanza, hakuna polisi aliyemshinda Tom. Inspekta Riccordi, aliyekuwa akichunguza kifo cha Freddy, alikwisha kuzidiwa. Kilichomfichua ni kamba aliyoifunga kwa mikono yake na fundo alilolikaza mwenyewe, na kwa muda wote ule maiti haikuwa mbali: ilikuwa imeshikamana na chombo chenye jina la mwanamke aliyempenda. Hakuzama Philippe, alikokotwa. Pili, Tom anaitwa kwa jina lake. Kwa muda mrefu amejibu kwa jina la mwingine, na sasa, alipokwisha kukubali kuwa yeye, jina lake ndilo linalomwita kwenda kujibu aliyoyatenda. Huko si kuhubiri maadili. Ni kumalizia wazo lililoanzia kwenye kioo: mtu anaweza kuvaa jina la mwenzake, lakini matendo huandikwa kwa lake.

Neno la mwisho

Filamu hii imeishi zaidi ya miaka sitini. Mwaka 1969 Delon na Ronet walikutana tena katika *La Piscine* ya Jacques Deray, na safari hiyo pia, kando ya maji na chini ya jua, mmoja alimuua mwenzake. Mwaka 2013 *Plein Soleil* ilionyeshwa upya Cannes baada ya kurekebishwa, Delon mwenyewe akiwapo. Alifariki Agosti 2024, na watu wengi walipomkumbuka, walikumbuka kwanza uso wa Tom Ripley mashuani.

Tunapaswa kuitunza kwa sababu inatuwajibisha pande zote mbili za meza. Tuliojaliwa, iwe mali, elimu, sura au ukoo, inatuuliza tunawafanyia nini tuliowaalika. Kumkaribisha mtu kisha ukamwonyesha kwamba si mwenzako ni kumlisha uchungu kila siku, na kutomwona ni kumnyima kitu ambacho mkate hauwezi kukifidia. Tuliopungukiwa inatuambia ukweli mgumu zaidi: kwamba dharau tuliyotendewa ni ya kweli, hasira yetu ina sababu, na bado njia ya kuwa mwingine haina mwisho isipokuwa kuwa si mtu yeyote.

Kwa ninyi vijana mnaoandika na kupiga filamu nina ombi moja. Katika hadithi zetu nyingi hasidi huletwa akiwa amekunja uso tangu mwanzo, anakwenda kwa mganga, anaaibishwa, basi. Mtazamaji anatoka akiwa na hakika kwamba hasidi ni mtu mwingine. Mpeni hasidi wenu uso wa Delon. Mpeni mikono ya kazi, kiu ya kupendwa, na kidonda halisi alichotiwa mbele za watu. Mkifanya hivyo mtazamaji atajikuta amekaa naye mezani, na hapo ndipo atakapoweza kuitambua husuda mahali pagumu kuliko pote, yaani ndani yake mwenyewe.